Mungu wa Siku ya Jumanne

Ndugu msomaji, Jumapili haina taabu. Kengele imelia, watu wamevaa nguo zilizopigwa pasi, kwaya imejipanga kwa sauti zake nne, mchungaji yuko mahali pake. Asiyemwona Mungu saa hiyo huenda amesinzia. Swali linalonisumbua tangu nilipostaafu ni lile la Jumanne. Jumanne hakuna kengele. Kuna jembe, kuna deni la dukani, kuna kuku aliyeingia jikoni, kuna mgonjwa anayetaka kugeuzwa. Mkristo amtafute Mungu wapi siku ya Jumanne, tena saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuwa kali?

Nimeichagua Jumanne kwa sababu za kimwalimu. Jumatatu mwalimu huingia darasani na nguvu za mwanzo wa juma, na Ijumaa ana furaha ya kufunga. Jumanne haina mwanzo wala mwisho. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilikuwa na desturi ya kupita madarasani siku hiyo bila taarifa, maana ndiyo iliyonionyesha nani anafundisha na nani anasubiri mshahara. Nadhani na imani yetu ingekaguliwa Jumanne, matokeo yangekuwa ya aina mbalimbali.

Mimi si mwenyeji wa Rujewa kwa kuzaliwa. Nilizaliwa Rungwe, katika vilima vya migomba na ukungu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali ni kama mtu wa nyumbani asiyetoka. Wamisionari wa Kimoravian walifika huko mwaka 1891, na babu zetu waliwasikia wakimtaja Mungu kwa jina la Kinyakyusa, Kyala. Nikiwa mtoto niliamini kwamba Kyala anakaa juu ya Mlima Rungwe, kwenye lile wingu lisiloondoka, na kwamba anatuona vizuri sana kwa sababu tuko karibu. Nikasoma, nikaenda chuo cha ualimu huko huko Rungwe, nikahitimu nikiwa kijana mwembamba mwenye suruali mbili, kisha nikapangiwa kazi Usangu.

Aliyewahi kuteremka kutoka vilimani hadi bonde la Usangu anajua ninachosema. Ghafla ardhi inakuwa bapa kama meza. Migomba inakwisha, inaanza miiba na mibuyu. Vumbi la kiangazi linaingia hadi katika daftari la mahudhurio. Juma la kwanza nilipiga magoti kando ya kitanda cha kamba, nikajiona kama mtu anayepiga simu kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama. Sikuwa na shaka kwamba Mungu yuko. Shaka yangu ilikuwa kama aliteremka pamoja nami kwenye lile lori.

Baadaye sana nilielewa kwamba Yakobo alipitia hayo. Alikuwa ametoka kwao, hana kitu, akalaza kichwa juu ya jiwe mahali pasipo hekalu wala madhabahu, na alipoamka ndipo alipotambua kwamba Bwana alikuwa mahali pale muda wote, yeye hana habari. Jambo linalonivutia ni lile jiwe. Maandiko hayasemi kwamba lililainika. Aliamka na shingo inayouma, nina hakika, lakini mahali palikuwa pamebadilika machoni pake.

Ukisoma Biblia kwa jicho la mwajiri utashangaa jinsi Mungu anavyopenda kuwakuta watu kazini. Musa alikuwa anachunga kondoo wa mkwewe. Gideoni alikuwa anapura ngano kwa kujificha. Wavuvi walikuwa wakiosha nyavu baada ya usiku usio na samaki. Yule mwanamke Msamaria alikuwa na mtungi kichwani saa sita mchana. Wachungaji wa Bethlehemu walikuwa zamu ya usiku. Sijui kwa nini sisi tumeweka matumaini yetu yote kwenye jengo la bati lenye msalaba, tena hufungwa kwa kufuli kuanzia Jumapili saa nane mchana.

Neno hili zamu nitalirudia, kwa sababu Rujewa ni mji wa zamu. Huku kwetu maisha ni mpunga, na mpunga ni maji, na maji ni zamu. Mto Mbarali unateremka kutoka milimani, unaingia bondeni kuelekea Ruaha Mkuu, na kabla haujafika mbali watu tumeshaugawa kwa mabanio na mifereji. Wazee husimulia kwamba kilimo hiki cha kumwagilia mpunga kilisukumwa sana na Wabaluchi waliohamia hapa tangu enzi ya Mwingereza, ambao wajukuu wao ni majirani zetu hadi leo. Katika miaka ya 1970 likaja shamba kubwa la Mbarali lililojengwa kwa msaada wa Wachina, na watu wakaja kutoka kila upande: Wanyakyusa kama mimi, Wabena, Wahehe, Wakinga, baadaye Wasukuma na ng'ombe wao. Mwaka 2000 Mbarali ikawa wilaya, Rujewa ikawa makao makuu, tukapata ofisi nyingi na kelele nyingi zaidi.

Hao majirani zangu Waislamu wamenisaidia katika imani yangu bila wenyewe kujua. Kabla jua halijachomoza namsikia mwadhini. Mara tano kwa siku mwuza duka anaacha mizani yake, ananawa miguu, anasimama mbele za Mungu, kisha anarudi kupima sukari. Nilikuwa nikijiuliza, sisi wenye kudai kwamba Mungu amekuja kukaa nasi, mbona twaweza kutoka asubuhi hadi jioni bila kumsalimu? Wala sisemi tuige. Nasema tu kwamba jirani akiwasha taa, hata chumba chako huona mwanga kidogo.

Kumbe hata katika kanisa letu wenyewe jambo hili lina mizizi ya zamani. Kule Herrnhut, Ujerumani, wakimbizi wa Kimoravian waliojikusanya katika shamba la Mtukufu Zinzendorf walikuwa watu wa kazi za mikono, maseremala na wafumaji, tena walikuwa wagomvi kweli kweli kabla hawajapatana. Mwezi Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 walijigawia saa za siku, kila mmoja saa yake, ili usiku na mchana awepo mtu anayeomba. Zamu ile iliendelea, ikipokewa na wengine, zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Mei 1728, Zinzendorf akaanza kuwapa neno moja fupi la kesho yake, na asubuhi mtu akalipeleka nyumba kwa nyumba. Tangu mwaka 1731 limekuwa likichapishwa kitabuni, na ndicho kitabu kidogo cha neno la siku tunachokisoma hadi leo. Fikiri, ndugu msomaji: mtu anabisha hodi mlangoni, fundi bado hajanawa uso, anaambiwa neno moja, halafu anaenda kwenye randa yake. Neno la Jumanne, kwa mtu wa Jumanne.

Mimi nilikuwa nalisoma shuleni mbele ya walimu, kabla ya kugawa chaki. Ilikuwa miaka ya mbio za elimu kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, watoto wamejaa hata chini ya miti, walimu wachache, madawati machache zaidi. Siwezi kudai kwamba tulijisikia watakatifu. Lakini neno likishasomwa ilikuwa vigumu kidogo kumchapa mtoto kwa hasira ya nyumbani kwako.

Sasa nirudi kwenye maji. Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, jambo ambalo halikuwa limezoeleka, na miaka iliyofuata likarudia tena na tena. Viboko wakabanana kwenye madimbwi. Mabwawa ya Mtera na Kidatu yanategemea mto huo huo, hivyo umeme ulipokatika Dar es Salaam watu walianza kuuliza habari za Usangu. Wakulima wakalaumu wafugaji, wafugaji wakalaumu mashamba makubwa, wataalamu wakatulaumu sote, na katika miaka ya 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamishwa na mifugo yao kutoka eneo la Ihefu. Nilipostaafu mwaka 2009 na kuingia rasmi katika ukulima, niliingia katika ugomvi uliokuwa tayari una mvi.

Ilikuwa Januari moja mvua ilipochelewa. Miche ilikuwa kitaluni, imeshaanza kuwa ya manjano, na zamu yangu ya maji ilikuwa kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nikaenda na tochi na jembe. Mfereji ulikuwa mkavu. Nikaufuata kwenda juu, taratibu, maana kwenye matuta yale nyoka ni wengi, mpaka nikakuta mahali ulipozibwa kwa mifuko ya udongo na maji yote yamegeuzwa kuingia kwenye majaruba ya mtu. Huyo mtu alikuwepo, amechuchumaa gizani. Nilimjua. Jumapili yake tulikuwa tumekaa benchi moja, na ni yeye aliyeongoza sala ya kuombea mvua.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Ilikuwa salamu ya ajabu, lakini baada ya miaka mingi ya shule mdomo hujibu wenyewe.

Nitasema wazi kwamba neno la msamaha lilinijia upesi, tena likiwa limevaa vizuri. Mwache, ni ndugu katika Kristo. Lakini nyuma yangu kwenye zamu alikuwepo mama mmoja mjane, ambaye zamu yake ilianza saa kumi na mbili, na mfereji usipolowana kwanza maji yake hayafiki. Huwezi kusamehe kwa kutumia maji ya mtu mwingine. Watu wengi husifiwa kwa upole wa namna hiyo, na wanaoulipia ni wengine. Basi nikamwambia, "Baba, fungua." Akakaa kimya kidogo. Halafu akaingia matopeni, akatoa mifuko mmoja mmoja, nami nikamshikia tochi.

Maji yalipoanza kukimbia tulikaa tutani. Hapo ndipo aliponieleza kwamba amekopa kwenye kikundi, na mpunga ukifa ataondolewa bati za nyumba. Hakulia, wala sikumhubiria. Asubuhi tulikwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mfereji kumwombea zamu ya nyongeza mchana, saa ambazo jua hunywa nusu ya maji na watu wengi hawazitaki. Akapewa. Mpunga wake haukuwa mzuri, lakini haukufa.

Kama ungeniuliza usiku ule kama nimehisi uwepo wa Mungu, ningesema nimehisi mbu. Hilo ndilo nataka lieleweke. Tumefundishwa, hasa siku hizi za vipaza sauti vikubwa, kwamba Mungu akiwa karibu mwili hutetemeka na machozi hutoka. Pengine ni kweli kwa wengine. Mimi naona aghalabu alama yake ni ndogo zaidi: ulikuwa na jambo la kusema, ukanyamaza, ulikuwa na jambo la kunyamazia, ukasema. Unakuja kulitambua baadaye, mfano wa mtu anayeona nyayo akisharudi kwa njia ile ile.

Lakini majaribu ya majarubani yalikuwa darasa la kwanza tu. Mwaka 2016 mke wangu alipatwa na kiharusi. Alianguka akitwanga karanga, siku ya kazi, mchana. Upande wa kuume ukalegea na maneno yakamwondoka. Huyu alikuwa mwanamke wa sala. Katika umoja wa wanawake wa usharika wetu alikuwa akiombea ndoa, wagonjwa, mitihani na wasafiri, kila mmoja kwa jina lake, hata chakula kikapoa mezani nami nikafungua jicho moja kuangalia kama anakaribia amina. Sasa yamebaki maneno matatu: "basi," "maji," na "haya."

Hapo swali la Jumanne likabadilika sura. Zamani niliuliza, Mungu yuko wapi nikiwa kazini? Sasa nikauliza, yuko wapi kwa mtu ambaye hawezi tena kumwita? Maana dini yetu ni dini ya maneno. Tunasoma, tunahubiri, tunaimba, tunakiri. Aliyenyang'anywa maneno tumemwekea nini?

Alikuja mhubiri mmoja mgeni, ambaye sitamtaja, akaingia na wasaidizi wawili. Akaomba kwa sauti kubwa mpaka majirani wakatoka nje. Kisha akaniambia kwamba ndani ya nyumba hii kuna kitu kinazuia, ama dhambi iliyofichwa ama upungufu wa imani. Mke wangu alikuwa anasikia, kwa maana kusikia hakukuondoka. Nikamshukuru mgeni kwa kuja. Nikamwambia, mama amelala upande mmoja tangu saa sita, ni wakati wake wa kugeuzwa asije akapata vidonda, je, anaweza kunishikia mabega? Akasema ana ratiba ya mkutano Igawa. Wasaidizi wake wakafuata, ila mmoja, kijana, alirudi mlangoni, akavua viatu, akashika miguu ya mke wangu nami nikashika mabega. Tukamgeuza. Akaondoka mbio kulifuata gari.

Nami nikabaki jikoni. Ndugu msomaji, wanaume wa kizazi changu tulikulia nje ya jiko. Nikiwa na miaka zaidi ya 60 nilijifunza kuwasha mkaa, kukoroga uji usiwe na madonge, kuosha sufuria iliyoungua, kufua mashuka kila siku. Sikuipenda kazi hiyo, na sijaipenda mpaka leo.

Kilichonipa nafasi ya kupumua ni mtu mmoja wa kale. Kulikuwa na Mfaransa aliyezaliwa katika jimbo la Lorraine, Nicolas Herman, askari aliyejeruhiwa vitani akabaki kilema. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli huko Paris, akaitwa Ndugu Lawrence, wakampeleka jikoni. Hakuwa padri wala msomi. Jiko lilimchukiza kwa tabia yake ya asili, na alikaa humo miaka mingi, baadaye akashona viatu vya wenzake. Alifariki mwaka 1691, na mazungumzo na barua zake zikakusanywa kuwa kitabu kidogo kuhusu kukaa mbele za Mungu. Anaeleza kwamba kwake saa ya sala na saa ya masufuria hazikuwa na tofauti. Watu hulipenda sana jambo hilo, hulitaja kwenye mahubiri. Mimi nimelishika zaidi lile wanalolipita: kwamba miaka kama kumi ya mwanzo aliteseka sana rohoni, akidhani amepotea, na hakuna kilichokuwa kitamu. Miaka kumi ya masufuria makavu! Hakuacha. Aliendelea kumtajia Mungu kile alichokuwa akikifanya, hata kugeuza kimanda kwenye kikaango.

Basi nami nilianza hivyo, bila kuhisi kitu. Bwana, huu ni uji. Bwana, hili ni shuka la pili leo. Sikutarajia jibu, na kwa muda mrefu sikulipata. Hata leo nikisema nimelipata nitakuwa nimeongeza chumvi. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuwa tena nikipiga simu kwenye nyumba waliyohama. Ilikuwa zaidi kama wazee wawili wanaokaa kibarazani, hakuna anayeongea, na hakuna anayeondoka.

Na lile swali la maneno? Mke wangu mwenyewe amelijibu, ingawa sina hakika kama alikusudia. Jioni nasoma neno la siku kwa sauti, polepole kama tulivyofundishwa kusomea darasa la kwanza, halafu naomba kwa kifupi, nikiwataja watoto wetu walioko Mbeya na Makambako, na jirani wa mfereji, na yule kijana aliyevua viatu. Nikimaliza yeye husema, "Haya." Kwa muda nilidhani anamaanisha nimechosha. Lakini ukimtajia mtu aliyemsahau hasemi kitu mpaka umwongeze. Mwezi uliopita niliruka jina la mjukuu anayefanya mtihani, akakaza macho kwangu, mkono wa kushoto ukapiga godoro mara mbili. Nikarudi nyuma, nikamtaja mtoto.

Juma hili zamu yetu ya maji imeangukia Jumanne, saa nane usiku. Magoti yangu hayaniruhusu tena kutembea matutani, kwa hiyo mjukuu mkubwa ndiye atakayekwenda. Nimemwekea tochi mpya na nimemwonyesha mahali ambapo mfereji hupenda kuvuja. Saa hiyo hiyo mimi nitakuwa macho kumgeuza bibi yake. Nilimweleza mke wangu mpango huo jana, jinsi tutakavyokuwa zamu watu wawili wa nyumba moja, mmoja shambani na mmoja kitandani pake. Akasikiliza mpaka mwisho, akatazama dirishani upande wa majaruba, akasema, "Haya. Maji."